Dawa Inaishia Kooni: Mwongozo Kamili wa Kusoma Dalili za Pumu na Kutumia Pampu

Mtu anavuta pampu asubuhi na jioni, na bado usiku kifua kinapiga filimbi. Anaongezewa dozi, anabadilishiwa dawa, hali ni ileile. Kabla hujailaumu dawa, mwambie avute mbele yako. Mara nyingi utaona wingu jeupe likimtoka mdomoni au puani. Wingu hilo ndiyo dawa yenyewe, na halikufika popote.

Kosa la pili ni kuzisoma dalili kwa kuchelewa: mgonjwa anahesabu kuwa yuko salama kwa sababu mchana hakubanwa, huku kila usiku anaamka kukohoa. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili. Kuthibitisha ugonjwa na kupanga dozi kunabaki kuwa kazi ya daktari.

Vya kuandaa

- Pampu zako zote (wengine huziita inhela), pamoja na karatasi za maelezo zilizokuja nazo.
- Spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Mtoto wa chini ya miaka 4 huhitaji na barakoa yake. Kama huna spesa, Hatua ya 5 inaonyesha jinsi ya kutengeneza ya chupa.
- Kipima pumzi: kibomba cha plastiki chenye namba pembeni na mshale unaosogea unapopuliza. Kinasoma lita kwa dakika.
- Daftari, saa yenye sekunde na kioo.
- Mpango wa maandishi kutoka kwa daktari: dawa gani, mipulizo mingapi, na ufanye nini ukibanwa. Kama hujawahi kupewa, uombe.

Hatua ya 1: Itambue pumu kwa mwenendo wake

Dalili ni nne: kifua kupiga filimbi, kuishiwa pumzi, kifua kubana na kukohoa. Dalili moja ikiwa peke yake haisemi mengi, maana hata mafua hukohoza. Kinachoitambulisha pumu ni kwamba dalili huja na kuondoka, huzidi usiku au alfajiri, na huamshwa na kitu: mafua, moshi, vumbi, chavua, manyoya ya wanyama, mende, hewa baridi, manukato makali, kukimbia, hata kucheka sana. Wapo wanaobanwa kila wakimeza aspirini au dawa za maumivu za jamii yake kama ibuprofeni.

Filimbi si lazima isikike. Kuna wagonjwa ambao kwa miaka dalili yao kubwa ni kikohozi kikavu cha usiku, na wanamaliza chupa baada ya chupa za dawa ya kifua bila nafuu.

Ukijua kinachotokea ndani, hatua zinazofuata zitaeleweka. Mirija ya hewa ya mwenye pumu ina uvimbe wa kudumu, hata siku ambayo hana tabu yoyote. Ikichokozwa, misuli inayoizunguka hujikaza, kuta huzidi kuvimba, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Hewa hutoka kwa shida kuliko inavyoingia, ndiyo maana filimbi husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi.

*Tahadhari.* Si kila anayekosa pumzi ana pumu. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye homa, jasho la usiku, kukonda au damu kipimwe kifua kikuu. Mtoto aliyekuwa mzima kisha ghafla akaanza kukohoa na kupiga filimbi, hasa alipokuwa anakula karanga au kuchezea vitu vidogo, huenda amevuta kitu hadi kwenye mirija. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Anayevimba miguu na kushindwa kulala chali achunguzwe moyo.

Hatua ya 2: Wiki mbili za daftari

Daktari anakuona kwa dakika chache, tena mara nyingi mchana, wakati pumu imetulia. Daftari ndilo linalomwonyesha usiku wako. Kila siku andika: uliamka saa ngapi kwa kukohoa au kubanwa, ulikuwa unafanya nini ulipobanwa mchana, ulitumia mipulizo mingapi ya dawa ya kufungua (ile ya nafuu ya papo hapo), na namba ya kipima pumzi asubuhi na jioni.

Kipimo kinafanywa hivi:

1. Rudisha mshale sifuri. Simama wima.
2. Vuta hewa mpaka kifua kijae kabisa.
3. Ziba mdomo wa kifaa kwa midomo yako. Ulimi usiwe mbele ya tundu, vidole visiguse mshale.
4. Puliza kwa nguvu na kwa kasi, pumzi moja fupi. Si lazima umalize hewa yote. Kinachopimwa ni kasi ya mwanzo.
5. Rudia mara tatu. Andika namba kubwa kuliko zote, usitafute wastani.

Namba mbili za juu zikipishana zaidi ya 40, hukupuliza sawasawa. Pumzika kisha rudia. Kosa jingine ni kutema pumzi kwa mashavu kama mtu anayetema kokwa. Namba inapanda kwa uongo na mgonjwa anajiona mzima.

Sasa hesabu. Tuseme asubuhi, kabla ya dawa, umepata 320, na jioni 400. Tofauti ni 80, wastani wa namba hizo mbili ni 360, na 80 kwa 360 ni kama asilimia 22. Fanya hivyo kwa kila siku, kisha utafute wastani wa siku zote 14. Ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima au 13 kwa mtoto, mirija inabadilikabadilika kwa namna ya pumu, na daktari ana kitu cha kushika.

Baadaye, ukiwa umetulia kwa dawa, tafuta namba yako bora kabisa na uiandike ndani ya jalada. Kama ni 450, basi 360 (asilimia 80) ndiyo mpaka wa usalama, na 225 (asilimia 50) ndiyo mpaka wa hatari. Ukisoma kati ya hizo mbili, fuata sehemu ya mpango inayohusu kuzidiwa hata kama bado hujisikii vibaya. Chini ya 225, ruka uende Hatua ya 8.

Hatua ya 3: Zitenganishe dawa kwa kazi zake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na kosa lao lina mantiki kabisa.

Dawa ya kufungua, ambayo kwa wengi ni salbutamoli, hulegeza misuli iliyojikaza. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe na ute haiugusi.

Dawa ya kinga ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, budesonidi au flutikasoni. Hiyo ndiyo inayopunguza uvimbe, lakini huchukua siku hadi wiki kadhaa kuonyesha matunda, na ukiivuta hausikii lolote. Kwa hiyo mtu anaipenda ile inayomsaidia papo hapo, hii nyingine anaiona haina maana, anaiacha. Uvimbe unaongezeka chini kwa chini mpaka siku ambayo mafua kidogo tu yanamlaza.

Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na zaidi kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Apate na steroidi ya kuvuta, kila siku au ndani ya pampu moja yenye dawa mbili. Ile yenye budesonidi na formoteroli (nayo ni dawa ya kufungua) inaweza kutumika kwa kinga na kwa kufungua pia, kama daktari ameagiza hivyo.

Usitegemee rangi ya pampu, kwa sababu viwanda hutofautiana. Soma jina, bandika kipande cha plasta, andika kwa kalamu nzito: KINGA au KUFUNGUA.

Na hofu ya steroidi: dozi ya kuvuta inahesabiwa kwa mikrogramu na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Haina uhusiano na zile za kutunisha misuli. Mjamzito pia asiache dawa zake kwa kuogopa. Mtoto tumboni anadhurika zaidi mama akikosa hewa.

Hatua ya 4: Tayarisha pampu

1. Toa kifuniko na uchungulie ndani ya mdomo wa pampu. Sarafu, karanga, hata mdudu hukutwa humo kwenye pampu inayotembea mfukoni bila kifuniko, na ukivuta unavivuta navyo.
2. Tikisa kwa nguvu sekunde 5. Dawa nyingi za aina hii hutuama. Bila kutikisa, mpulizo mmoja unatoka mwepesi na mwingine mzito kupita kiasi.
3. Kama pampu ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, puliza hewani kwanza, mbali na macho. Kwa kawaida ni mipulizo 2 hadi 4. Idadi kamili imo kwenye karatasi yake.
4. Shika kikopo kikiwa kimesimama wima na mdomo wa pampu ukiwa chini. Ukiilaza, kipimo cha dozi hakijai vizuri.

Umefanikiwa ukiona wingu jeupe linalotoka kwa nguvu, si matone yanayochuruzika.

Hatua ya 5: Vuta dawa ifike kwenye mapafu

Dawa hutoka kwenye pampu kwa kasi kubwa mno. Ikielekezwa kinywani moja kwa moja, sehemu kubwa inagonga nyuma ya koo na kubaki pale, kisha inamezwa. Spesa inaipunguza mwendo, chembe nzito zinabaki kwenye kuta za chombo, na nyepesi ndizo unazovuta. Hata mtu mzima mwenye nguvu zake anafaidika nayo, ingawa wengi huiona ni ya watoto.

Kwa spesa:

1. Chomeka pampu iliyokwisha kutikiswa kwenye tundu la nyuma.
2. Kaa au simama wima. Toa pumzi taratibu mpaka iishe.
3. Weka mdomo wa spesa kati ya meno, juu ya ulimi, ufunge midomo bila mwanya.
4. Bonyeza mara moja tu.
5. Papo hapo anza kuvuta polepole kwa kina, kama sekunde 4 au 5. Baadhi ya spesa hulia ukivuta kwa haraka. Mlio huo ni lawama, si pongezi.
6. Zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Chembe zinahitaji muda huo kutua kwenye mirija.
7. Kwa mpulizo wa pili, subiri sekunde 30 hadi 60, tikisa tena, rudia yote.

Kubonyeza mara mbili kisha kuvuta mara moja hakuokoi muda. Chembe zinagongana na kunata kwenye kuta, na unaishia kupata pungufu. Hali kadhalika kubonyeza kisha kukaa ukijiandaa: kila sekunde inayopita, dawa inashuka chini ya chombo.

Asiyeweza kuzuia pumzi avute na kutoa kwa utulivu mara 5 au 6 kwa kila mpulizo, mdomo ukibaki kwenye spesa. Mtoto mdogo anafanya hivyohivyo kwa barakoa. Ibane ifunike pua na mdomo pande zote, kwa sababu mwanya mdogo tu unaivujisha dawa. Usimshike kwa nguvu akiwa analia. Anayelia hutoa hewa kwa muda mrefu na kuvuta kwa mkupuo, dawa inaishia kinywani. Mpakate, mzoeshe barakoa bila dawa, kisha bonyeza.

Bila spesa, toa pumzi, anza kuvuta polepole, na mwanzoni kabisa mwa kuvuta ndipo ubonyeze, huku ukiendelea kuvuta. Sekunde moja ya kuwahi au kuchelewa inaharibu mpulizo. Jipime mbele ya kioo: ukiona wingu juu ya mdomo au puani, hukufanikiwa.

Pampu za unga zina sheria tofauti. Hazitikiswi, hazichomekwi kwenye spesa, na zinavutwa kwa nguvu na kwa kasi tangu mwanzo, kwa sababu pumzi yako ndiyo inayoupeperusha unga. Usitolee pumzi ndani yake: unyevu unaugandisha unga. Mwenye pampu ya kawaida na ya unga kwa pamoja ndiye anayechanganya zaidi; afanye mazoezi ya kila moja siku tofauti.

*Spesa ya chupa.* Chukua chupa safi ya plastiki ya mililita 500. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe. Pinda waya upate umbo la mdomo wa pampu, uupashe moto, uuchomeke kwenye kitako cha chupa mpaka ukate tundu la umbo hilo. Chomeka pampu, ikilegea, zungushia plasta mpaka hewa isipenye. Mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa. Kazi hii ifanywe nje na mtu mzima asiye na pumu, maana moshi wa plastiki unatosha kumbana mwenyewe unayemtengenezea. Kwenye utafiti kwa watoto, chupa ya namna hii ilifanya kazi vizuri kama spesa ya dukani. Usione haya kuitumia.

Hatua ya 6: Sukutua, osha, hesabu

Baada ya dawa ya kinga, sukutua maji mpaka kooni na uyateme. Mtoto wa barakoa afutwe na uso. Steroidi inayobaki kinywani huleta utando mweupe wa fangasi na sauti ya kukwaruza, na wengi huacha dawa kwa sababu ya hayo tu.

Spesa ioshwe kabla ya kuitumia mara ya kwanza, kisha mara moja kwa mwezi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Iache ijikaushe. Usiisugue kwa kitambaa: msuguano unaiwekea plastiki chaji ya umeme inayovuta dawa kwenye kuta.

Gamba la pampu ya salbutamoli lisuuzwe mara moja kwa wiki, kikopo kikiwa kimetolewa. Kikopo chenyewe hakiingizwi majini, wala usikiache kielee kwenye beseni kuona kama kimeisha. Mtindo huo umezoeleka, lakini haupimi chochote na huziba tundu. Kikopo kinaweza kuendelea kutoa mvuke hata baada ya dawa kwisha, kwa hiyo hata kukitikisa sikioni hakusaidii. Kama hakina kihesabio, piga hesabu: kikopo cha mipulizo 200, ukitumia 2 asubuhi na 2 jioni, ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza na ya kwisha kwenye plasta ileile ya KINGA.

Hatua ya 7: Maswali manne kila baada ya wiki nne

Katika wiki nne zilizopita:

1. Dalili za mchana zilitokea zaidi ya mara mbili kwa wiki?
2. Uliwahi kuamka usiku kwa sababu ya pumu?
3. Ulihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki?
4. Kuna kazi, mchezo au safari uliyoiacha kwa sababu ya kifua?

Ukijibu hapana kote, pumu imedhibitiwa. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Ndiyo moja au mbili, udhibiti ni nusunusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa. Kabla ya kuomba dawa kali zaidi, rudi Hatua ya 5, umwonyeshe muuguzi au mfamasia unavyovuta.

Angalia pia vikopo vya salbutamoli. Kumaliza vitatu au zaidi kwa mwaka, vyenye mipulizo 200 kila kimoja, ni ishara kwamba uko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, hata kama kila mara unapata nafuu.

Hatua ya 8: Amebanwa, fanya hivi

1. Mkalishe wima, ainame mbele kidogo, alegeze nguo shingoni. Usimlaze.
2. Salbutamoli kwa spesa: mpulizo mmoja, avute, subiri sekunde 30 hadi 60, mwingine. Endelea hadi afikishe 10. Kama mpango wake unataja pampu ya formoteroli, fuata mpango huo.
3. Mfungulie dirisha, muondoe kwenye moshi au vumbi, zungumza naye kwa utulivu.
4. Asipopata nafuu, au nafuu ikaisha kabla ya saa 4 kupita, nendeni hospitali. Njiani rudia mipulizo kwa utaratibu uleule.

Usihesabu mipulizo kwanza, ondokeni huku mkivuta, ukiona lolote kati ya haya: hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mbavu na shingo zinabonyea anapovuta, mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu, mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, amechanganyikiwa au anasinzia.

Na moja inayowadanganya hata watu wazoefu: filimbi inapotoweka huku mgonjwa bado anahangaika. Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti ya kutosha hata kutoa mlio. Ndugu hushusha pumzi wakidhani amepoa, wanamwacha “alale kidogo.” Huyo ndiye wa kukimbizwa kuliko wote.

Usimpumulishe ndani ya mfuko wa karatasi, usimpe dawa ya usingizi ya kumtuliza, wala dawa ya kikohozi.

Hatua ya 9: Siku za baada ya shambulio

Kupata nafuu jioni si kupona. Uvimbe huendelea siku kadhaa, na wapo wanaorudi hospitali ndani ya wiki ileile. Ukipewa vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza), kwa kawaida siku 5 hadi 7 kwa mtu mzima na 3 hadi 5 kwa mtoto, vimalize vyote hata kama kifua kimefunguka siku ya pili. Dawa ya kinga iendelee sambamba na vidonge.

Rudi kwa daktari ndani ya siku 2 hadi 7. Mtoto arudishwe mapema zaidi, siku moja au mbili. Nenda na daftari, pampu zote na spesa, kisha uombe avione vikifanya kazi: vuta mpulizo mmoja mbele yake.